Eda Yangu Haikuvunjika

Mume wangu alifariki Jumatatu, mwezi tatu Mfunguo Mosi, siku ya tatu tangu Ramadhani kwisha, mwaka 1961. Wakati ule sikujua kusoma wala kuandika. Darasani niliingia baadaye, nikiwa tayari na wajukuu. Siku za eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani, nilizihesabu kwa kamba ya usumba, fundo moja kila magharibi, kwa sababu wifi yangu, aliyehamia kwangu ili anichunge, alikuwa na tabia ya kukosea hesabu kwa upande uliompendeza. Tangu hapo sijakosea tarehe.

Mwaka ule siasa ilikigawa kijiji chetu hapa kisiwani. Watu wa chama kimoja hawakununua katika duka la wengine wala hawakuhudhuria harusi zao, na baada ya uchaguzi wa Juni hata salamu ziliachwa bila kujibiwa. Jirani yangu wa upande wa kisimani alikuwa wa wale wengine. Mumewe alikuwa mchumaji wa karafuu, na wazee wao walitoka bara. Yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo, na miaka kumi na minne tulichota maji pamoja.

Jumapili, mwezi kumi na moja Mfunguo Nne, jirani huyo alifariki kwa homa ya siku tatu. Kamba yangu ilikuwa na mafundo tisini na saba. Saa nne ya asubuhi mama yake alisimama nje ya ua wetu, akabisha hodi, akaomba kitanda cha kuoshea maiti. Kitanda hicho cha kijiji kizima kilikaa darini kwetu, kwa kuwa marehemu mume wangu ndiye aliyekichonga na kukiwamba, na juu yake ndipo alipooshwa yeye. Wifi yangu alimjibu kwamba kitanda kina wenyewe. Bibi yule hakubishana. Aliuliza tu kama tungemwazima kata ya kumiminia maji, maana angemwosha mwanawe yeye peke yake, chini.

Nilikuwa chumbani nikisikia. Waosha maiti wa kike kijijini walikuwa watano, wote wazima, wote majumbani mwao. Nilipanda darini nikakishusha kitanda. Wifi yangu alikuwa amekwisha simama mlangoni.

"Wenda wapi?"

"Kuosha."

"Mwenye eda hatoki. Ukivuka kizingiti hiki eda imevunjika, utaanza upya."

"Basi shika upande wa pili wa kitanda, wifi, tuivunje sote."

"Wale si wenzetu. Watu watakusema."

"Maiti hana chama. Nipishe."

Hakunipisha. Nilipita kwa ubavu, mguu wa kitanda ukamgonga gotini, na sikumwomba radhi. Kule kwa jirani bibi alimimina maji, mimi nikaosha. Alimimina huku akimtazama mwanawe usoni, na nusu ya kila kata ikanimwagikia mimi. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza.

Jioni, shehe wetu aliniletea ujumbe kwamba nianze eda upya. Wazee wakasema nimevunja mila. Wifi akaapa atanishtaki kwa mudiri, mkubwa wa serikali. Dini, mila na serikali zilinijia siku moja, zote kwa vinywa vya watu wale wale ambao asubuhi walikaa vibarazani wakimwacha mama amwoshe mwanawe chini. Nilipiga fundo la tisini na nane.

Miaka mingi baadaye, nilipojifunza kusoma, nilikuta kitabuni kwamba mwenye eda huruhusiwa kutoka mchana kwa dharura. Jamaa zangu walifurahi: kumbe ulikuwa na haki. Nawakatalia mpaka leo. Asubuhi ile sikukijua kitabu hicho, na lau kingesema vinginevyo, kitanda ningekishusha vile vile. Naswali, nafunga, na mila za wazee wangu nimezilea kuliko wengi wanaozitaja. Lakini mwanamke yule alistahiki kuoshwa kabla ya yeyote kati yetu kuulizwa anasemaje.

Eda yangu ilikwisha mwezi kumi na tatu Mfunguo Tano, kwa hesabu ya kamba na si ya wifi. Siku hiyo wanawake humjia mjane, wakamwosha, wakamvua nguo za eda na kumtia manukato. Mwosha huoshwa, husema watu wetu. Kwangu hakuja mtu. Nilichota maji mwenyewe, nikaoga, nikavaa kanga mpya, nikatoka kwa njia ya katikati ya kijiji. Kila baraza nilitoa salamu kwa sauti. Hazikujibiwa, mpaka nilipofika mlango wa mwisho, nyumbani kwa bibi yule, mama wa marehemu jirani. Aliijibu yote, hakuacha neno, kisha akasogea mkekani akanipa nafasi.

Wifi alirudi kwao mwezi uleule. Kitanda sikukirudisha darini. Nilikiweka nje, barazani, mahali ambapo mtu hukichukua bila kuomba.