Kule impo bwana yangu angali muzima

Admini, ficha jina yangu, nakuomba.

Jambo kwenu wamama na wababa munaosoma page hii. Miye ni mama wa miaka makumi tano na mbili, wa huku Kabambare. Masomo yangu ni kidogo, musicheke maandiko yangu. Kwangu tunaamka salama. Binti yangu wa kwanza iko, alizaa juzi, anaendelea muzuri. Bwana yake iko, anapeleka watu Salamabila na piki-piki. Vijana wangu wawili wako, wanasoma. Wifi yangu, dada ya bwana yangu, iko, alikuja kutuogeshea mutoto. Mutoto naye iko, ananyonya, ila hana jina. Na bwana yangu ndiye ananifanya niandike.

Alikufa mwaka uliopita. Tulimuzika hapa hapa, kila mutu anajua. Lakini kule Kasongo mujini, kwa ofisi ya impo, wanapolipisha kodi, angali muzima.

Tuko na depo ya simenti na mabati. Yeye ndiye aliiandikisha kwa Leta, ni kusema serikali, na nambari ya impo iko ya jina yake. Muteja akinunua, analipa na TVA, kodi ya mauzo, juu ya bei. Ile feza si yetu, ni ya Leta, kila mwezi tunaitangaza na kuilipa. Tangu zamani yeye anatia sahihi, miye ninapeleka karatasi Kasongo, juu mugongo wake haukuweza ile barabara mubaya.

Mwezi wa kwanza kisha maziko nilienda na nguo ya kilio ndani ya mufuko. Nilitaka kusema. Yule baba wa impo akaniuliza, "Mama, Papa na mugongo wake?" Kinywa kikajibu, "Unamuuma kidogo." Niliogopa nambari itakufa naye. Kampuni inayotununulia haikubali fakture, ile karatasi ya bei, isiyo na nambari, na watoto wanasoma juu ya ile depo.

Toka hapo sahihi ninatia miye. Sikula hata franga moja ya Leta, Mungu anaona. Lakini mukono unaenda peke yake. Siku moja binti yangu aliona karatasi mezani, akakaa chini. "Mama, hii ni mukono ya Papa." Nikaikunja, nikaitia ndani ya mufuko.

Yule baba wa impo ni mutu muzuri, na hiyo ndiyo inanimaliza. Anacheka, "Mwambie Papa najua ananikimbia." Mara ingine akanipa chupa ya mafuta ya kuchua, nimupelekee. Nilifika nyumbani, nikaiweka juu ya kiti yake, nikasema, "Wa impo anakusalimia." Niliogopa kubaki na salamu isiyo yangu. Sasa kila mwezi ninaleta salamu. Na kila nikileta, ninasikia kiti inalia namna ilikuwa inalia akikaa. Chupa inapunguka. Nyumba yote inanuka ile mafuta, na hakuna mutu anaichua.

Sasa wifi yangu anasema mutoto apewe jina ya babu yake siku ya Mungu hii, Jumapili. Nikamwambia tungoje. Akaniangalia sana. "Tungoje nini, mulamu? Kaka yangu alishaenda. Kwetu jina ya marehemu inarudi kwa mutoto, ndipo mwenyewe anapumzika. Ao wewe unamushika bado?"

Na mwezi huu yule baba aliniambia kuna mashine mupya ya fakture, mwenye depo aje mwenyewe. "Safari hii Papa hanikimbii, Mama. Nitamungoja hapa."

Nikisema kweli, labda watafunga depo, na miye wanifunge juu ya sahihi. Nikinyamaza, ninaogopa juu ya mutoto: jana nilimubeba karibu na kiti, akageuza shingo, akaiangalia, akacheka kama anaitwa. Wandugu, nikiacha wampe ile jina, siku wataiita kule impo, nani ataitika?

Munipe shauri, nifanye namna gani? Munijibu upesi, mbele ya siku ya Mungu. Wifi yangu alishaweka maji ya kumuogesha mutoto.