Shaibu Alipoachishwa Ziwa

Majani ya mwarobaini yakitwangwa hutoa harufu inayokaa kooni. Hata leo nikipita mahali mtu anatwanga dawa, ulimi wangu unakuwa mchungu kabla sijaonja chochote, na ninamwona mdogo wangu Shaibu, mwenye miaka miwili na nusu, akimfuta mama kifua kwa pindo la khanga, taratibu, kama mtu anayefuta embe kabla ya kulila. Akimaliza kufuta, ananyonya. Hilo, mama kujipaka mwarobaini, lilikuwa jaribio la kwanza la kumwachisha ziwa. Mara ya pili mama alijipaka dawa nyekundu ya vidonda, akajifunga bendeji na kusema nyonyo limeumia. Shaibu alisikitika kwelikweli. Alilipulizia, akaliambia pole, kisha akaomba lile lingine.

Tulikaa Mbagala, chumba na sebule, katika nyumba ya wapangaji wanne wenye ua mmoja. Baba alikuwa mchonga vinyago Mwenge, akirudi jioni na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Majirani walimtania mama kwamba kijana wake ataoa akiwa bado ananyonya. Mama alicheka nao, lakini akiingia ndani kicheko kilibaki nje. Kati yangu na Shaibu alizaliwa mtoto mwingine, akafa hajafikisha arobaini, na nadhani tangu hapo mama hakuwa na ubavu wa kumnyima mtoto kitu. Mtoto akililia wembe mpe, alikuwa akisema, kana kwamba methali ile ilitungwa kumtetea yeye.

Kilichobadilisha mambo ni afya yake. Alianza kukonda na kupata kizunguzungu, siku moja akaanguka akianika nguo, na kliniki wakamwambia dozi anayotakiwa kumeza haianzi mpaka mtoto aache kunyonya. Mama alirudi na karatasi ya dawa, akaikunja na kuichomeka chini ya godoro. Wiki mbili zikapita. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na watu wazima walidhani mtoto wa darasa la tatu hana masikio. Nilimsikia baba akimwambia shangazi, dada yake mkubwa, kwamba huyu mwanamke atamfia mikononi kwa ajili ya ziwa. Shangazi alijibu kwa mkato, kama kawaida yake: lisilo budi hutendwa. Likizo ilipoanza akatuchukua, mimi na Shaibu, hadi kwake Kimbiji. Mama hakuruhusiwa kutuona mpaka Ijumaa. Kazi yangu ilikuwa kumliwaza mdogo wangu, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Sikusema kwamba nilikuwa nimeficha khanga ya mama kwenye mfuko wangu, ile ya zamani ya kulalia. Nilijidanganya kwamba ni ya kumfunika Shaibu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kulala mbali na mama, na ile khanga ilikuwa na jasho lake, na mafuta ya nazi, na moshi kidogo wa mkaa. Niliitoa siku ya kwanza tu, mchana, tulipolazwa. Shaibu akainusa. Kilio alichotoa kiliwaleta majirani wa shamba la pili. Shangazi hakunigombeza. Aliichukua ile khanga, akaifua kwa sabuni ya mche mara mbili, akaianika juani. Ilipokauka ilinuka sabuni tu, nami nikanuna hadi jioni. Shaibu alipewa uji wa mchele wenye tui, mimi nikapewa bakuli la pili ingawa sikuomba, na ndipo nikajua kwamba shangazi ameniona.

Siku ya tatu Shaibu alikuwa bado anauliza. Asubuhi alisimama ukingoni mwa shamba la mihogo, uso barabarani, akamwita mama kwa sauti ya kawaida, kama vile yuko chumba cha pili. Hakuitikiwa. Akalia hadi sauti ikakauka. Shangazi akambeba kwenda naye jikoni, nyuma ya nyumba, mimi nikaenda kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta mama amesimama kwenye uzio wa makuti.

Alikuwa na kilo ya sukari kwenye mfuko wa nailoni. Mtu hafungi safari kutoka Mbagala hadi Kimbiji, kwa barabara ile, kuleta kilo ya sukari. Khanga yake ilikuwa imelowa kifuani, mabaka mawili, na mashavu yalikuwa yamebonyea zaidi ya nilivyoyaacha. Nilitaka kuitupa ndoo na kumkumbatia. Badala yake niliitua, nikasimama katikati ya njia, nikamwamkia. Aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anacheza.

"Ananiulizia?"

Jikoni, Shaibu alianza tena. Nilishika mshikio wa ndoo nikaubamiza, nikapandisha sauti.

"Haulizi. Ameshakusahau, mama."

"Kanisahau? Siku tatu tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama alinitazama juu hadi chini. Kisha akanipa sukari, akajifunga khanga upya juu kabisa, akaniambia nisimwambie mtu kwamba alikuja. Alinishika kidevu, akaondoka. Nilisimama pale hadi alipopotea kwenye kona ya minazi, na baada ya hapo nilikaa chini, kando ya ndoo, nikalia kwa niaba ya watu watatu.

Ijumaa tuliporudi, Shaibu alimkimbilia, akamnusa shingo, akamwomba uji. Jioni ile mama alimeza vidonge vya kwanza. Kufikia mvua za vuli alikuwa amenenepa, anagombana na wapangaji kuhusu zamu ya kufagia uani, na sisi tukajua amepona. Lakini neno lile halikufa. Shaibu alipochelewa kurudi shule, alipooa, alipokosa kupiga simu siku mbili, mama alisema, "Huyu? Huyu alinisahau siku tatu." Watu walicheka, na Shaibu akacheka nao. Mimi niliinamia sahani yangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka thelathini.

Siku hizi mama anakaa nami Pugu. Dunia ya kuachisha ziwa imebadilika. Wanawake vijana wa ukweni kwangu wanaulizana kwenye simu, wanatumiana picha, na mzazi aliyemwacha mtoto kwa bibi anamwona kila saa akila ndizi. Sijui kama inawapunguzia uchungu au inawaongezea. Mwezi uliopita Shaibu alihamishiwa kazi Songea, na siku alipoaga mama alirudia utani wake, mikono ikiwa kwenye mabega ya mwanawe aliyeanza mvi. Shaibu alipoondoka, mimi na mama tulikaa barazani kuchagua mchele, na sikuweza tena kunyamaza.

Nikamwambia nilimdanganya. Shaibu hakusahau. Alikuwa amemlilia asubuhi ile ile.

Mama alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Nilimsikia," alisema. "Yuko jikoni analia. Ndoo yako ingefunika sauti ya mwanangu?"

Nikamuuliza, basi mbona hakuingia.

"Nilikuwa naingia. Nikakuona umeniziba njia kwa mwili wako mdogo. Nikasema, huyu naye ni mwanangu, na anataka nipone. Ndiyo nikageuka."

Nilimshika mkono, naye akaniachia kidogo nimshike. Kisha akanisogezea ungo nimalizie mimi, kwa sababu macho yake hayaoni tena vijiwe vidogo.