Almasi ya Mama wa Madaba

Sikulazimishi kuamini. Waulize watu wa Majengo, hapa Songea, kwa nini kwenye meza yangu ya usonara kuna kioo, na kwa nini kila mteja namwambia akipumulie kabla hatujazungumza. Wananiita mwehu. Waache.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mawe ya thamani yanamiminika kutoka Tunduru, kila mwenye kitambaa cha kufungia mawe mfukoni anajiita mfanyabiashara. Julai, asubuhi, na baridi ya kwetu unaijua: ukifungua mdomo unatoa moshi kama jiko. Akaingia mama wa makamo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba polepole. Alitaka pete ya almasi ya binti yake, anayeolewa Jumamosi huko Madaba. Alikuja na kila kitu: uzi wenye fundo, kipimo cha kidole, hereni zake mbili za dhahabu za kuyeyusha, na mawe matatu meupe kwenye pindo la kanga. Alisema mawili ni chupa, moja ndiyo almasi, ila hajui lipi. Nimchagulie.

Kazi rahisi. Unalipumulia jiwe: chupa hushika ukungu, ukakaa, wa almasi hupotea hapo hapo. Nikapumulia yote. La katikati lilitakata kabla sijafumba mdomo. Na mimi, Mungu anisamehe, tamaa ikanishika. Nikamwambia hilo la katikati ndilo bovu kuliko yote, aniachie nilitupe, kwenye pete nitaweka la pembeni.

Hakubisha. Aliomba tu ajaribu mwenyewe. Akainama, akapumulia la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna ukungu. Akachukua kioo changu cha mkononi, akakipumulia kwa muda mrefu huku ananitazama. Kikabaki kikavu. Ndipo nilipogundua kwamba tangu aingie, moshi ulikuwa unanitoka mimi peke yangu.

"Na mimi je, fundi?" akaniuliza. "Wa kweli au chupa?"

Niamini, nilikiri palepale kwamba almasi ni lile la katikati. Akasema, "Basi mpelekee mwanangu," akanielekeza nyumba, akatoka. Nilipopata ujasiri wa kuchungulia, barabara ilikuwa tupu.

Unadhani ningethubutu kutokwenda? Hereni moja ilitosha pete, nyingine nikaifunga nirudishe. Ijumaa nikapanda gari la Njombe, nikashuka Madaba. Pete ilimkaa binti sawasawa. Hereni nikamkabidhi mama yake mkubwa, nikamwomba ampe mwenyewe, mama wa binti. Akaigeuza, akaona kulabu iliyofungwa waya mwekundu, akakaa chini.

"Mdogo wangu tulimzika mwezi wa pili," alisema. "Hereni hizi nilimvalisha mimi, ndani ya jeneza."

Binti aliivaa pete, analia. Mimi sikungoja chakula.

Yale mawe mawili ya chupa bado ninayo, naogopa kuyatupa. Asubuhi za baridi dirisha langu lote hushika ukungu, hata miwani yangu, lakini mawe hayo mimi huyakuta makavu. Kwa hiyo sikiliza, hasa wewe unayeshika mali za watu: mteja akikujia kwenye baridi, kabla hujatazama jiwe lake, mtazame mdomo. Usipoona moshi, sema kweli mapema, usingoje aulize.