Mfalme wa Wazungu, Mjukuu wa Fundi Ngozi

Iko siku moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu, na leo umeiamsha wewe kwa mdomo wako. Nilikuwa nyuma ya pazia nachemsha chai. Nikakusikia ukiwaambia wageni, na ile sauti yako ya kukohoa kama chifu kwenye baraza: "Ehem! Ehem! Sisi ni watu wa asili. Binti yangu Hodan haolewi na kijana ambaye babu yake alishona viatu." Wallahi, sufuria ilinitoka. Ukasema ni paka. Haikuwa paka. Ilikuwa mama yako, binti wa mtu wa ngozi.

Kaa chini. Zima hiyo redio. Mimi kalamu sijashika, lakini masikio yangu hayajaangusha kitu, na leo nimekasirika mpaka meno yanauma, hata haya mawili yaliyobaki.

Baba yangu, Warsame, alikuwa fundi ngozi pale Bura. Ndoo za kuchotea maji kisimani, viatu, ala za visu, miswala ya kusalia, vyote mkono wake. Mikono ilikuwa myekundu kwa maji ya magome ya kulainishia ngozi, hata sabuni ya mjini haikuitoa rangi hiyo. Na wale watu wa asili, mababa zako hao unaowahesabu, wakileta ngozi hawampi mkononi. Wanaitupa chini. Kazi ikiisha, baba anaweka viatu chini, anarudi nyuma hatua kadhaa, ndiyo wanaokota. Kula naye, hapana. Kuoa kwake, astaghfirullah, afadhali kuoa fisi.

Baba yako Abdi ndiye mtu wa kwanza aliyepokea ndoo mkononi. Nilikuwa nimeishika mimi, akanyoosha mkono akaichukua, vidole vikagusana, na hakujifuta. Usicheke. Wewe ulitoka kwenye ile ndoo.

Akaenda kwa baba yake, Mzee Guleed, akasema anataka kunioa. Unajua babu yako alivyosema, pua juu kama ngamia amenusa moshi? "Waryaa, kijana! Umeumwa na jua? Watoto wako watahesabu nini? Fulani bin fulani bin... harufu?" Akamwambia akinioa, asije tena kwenye boma lake, na maziwa ya ngamia wake asiyaonje. Mimi nikalia mpaka mama akaniambia nitaharibu ngozi zilizoanikwa.

Basi, vita ya Wataliani ilikuwa imeisha juzijuzi, akaja Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kutoka Garissa na askari wake. Akafunga turubai karibu na kisima, akakusanya wazee. Alikuwa mtu mwembamba, pua imebabuka kama kiazi, anapenda maneno ya zamani. Kiswahili chake, ee Mungu: "Mimi nataka jua baba yako nani, na baba ya baba yako nani, pole pole, mimi andika."

Hapo sasa! Ulimgusa mzee wa Kisomali panapomwasha. Mzee Guleed akasimama, akahesabu abtirsi yake, baba kwa baba, mpaka akafika kwa Waarabu, bila kumeza mate. Alipomaliza akapangusa jasho, akamwambia yule askari mkalimani, "Mwulize na yeye. Mfalme wake ni nani? Ahesabu tusikie."

Bwana DC akafurahi kama mtoto amepewa sukari. Akasema mfalme wao wa leo, ukimfuata kurudi nyuma, pengine kwa baba, pengine kwa mama...

"Kwa mama?" Mzee Guleed akaruka. "Hiyo si kuhesabu, hiyo ni kupotea njia!"

...unafika kwa mfalme mmoja wa zamani sana, mtu wa nchi inaitwa Normandi. Alivuka maji na farasi wake akaishika Uingereza yote kwa upanga. Wazee wakatikisa kichwa. Upanga wanaujua. Mmoja akauliza wake zake walikuwa wangapi. Bwana DC akainua kidole: mmoja tu. Wazee wakamwonea huruma huyo mfalme, wallahi nusu wamsomee dua.

Na huyo mke, akasema, binti wa watu wakubwa, kwanza alimkataa. Wanasimulia huko kwao kwamba yule bwana alipanda farasi akaenda akamvuta nywele. "Kwa nini alimkataa?" Mzee Guleed akauliza. "Mtu ana nchi, ana farasi, ana nini tena?"

Bwana DC akasema, "Sababu ya mama yake. Baba alikuwa mkubwa, lakini mama, yeye binti ya fundi ngozi. Na hakuna ndoa."

Mkalimani akatafsiri, sauti ikamfia njiani. Wazee wakatazama viatu vyao. Bwana wa watu hakuona kitu, akaendelea kuchekacheka: mji mmoja ulimtania huyo mfalme, ukatundika ngozi ukutani na kuzipiga ili akumbuke babu yake. Akawakata watu wa mji ule mikono na miguu.

Mimi nilikuwa nimeleta ndoo mpya kisimani. Wote wakageuka kunitazama. Natamani ardhi ipasuke.

Hapo akasimama Dahabo, mama yake Mzee Guleed mwenyewe, bibi ya baba yako. Mwanamke mfupi, mgongo umepinda, lakini sauti ilikuwa ya kuamsha ngamia waliolala. Alikuwa ameketi na wanawake nyuma ya turubai na vibuyu vya maziwa. Akapita katikati ya wanaume kama hawapo.

"Guleed! Niangalie mimi, usiangalie mawingu. Asubuhi huyu Mzungu alipofika, nani alisimama akapiga saluti?"

"Mama, mbele ya watu..."

"Nani?"

"Mimi, hooyo, mama yangu."

"Ulimpigia saluti mtu wa nani? Mtu wa mfalme wa kizazi cha fundi ngozi! Tena yule mama hakuolewa. Sisi tumeletewa binti anataka nikaha, shekhe na mashahidi, mchana kweupe, wewe unashika pua. Ngamia haoni nundu yake! Viatu mguuni mwako nani alishona? Ndoo inayonywesha mifugo yako? Na mswala, Guleed, mswala wa ngozi unaowekea paji la uso mara tano kwa siku? Unasujudu juu ya kazi ya mkono wa Warsame, halafu mkono wenyewe unakuogopesha? Vua. Vua vyote, uvirudishe vilikotoka."

Babu yako, si unaijua damu yake, ndiyo hiyo uliyonayo wewe. Akavua viatu! Akavitupa. Akatembea juu ya changarawe ile ya mchana anaruka-ruka kama kuku kwenye jivu. Adhuhuri akasali kwenye mchanga mtupu, paji likatoka na vijiwe. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Jioni ngamia wakaja kunywa. Dahabo alikuwa ameketi juu ya ndoo zote za boma lao, hatoki. Ngamia wakalia. Wakalia mpaka Bwana DC akatoa kichwa turubaini kuuliza nani anakufa.

Mzee Guleed akaja kwa baba yangu anachechemea. Akasema, macho chini, "Nipe ndoo."

Baba akaichukua ndoo mpya. Hakuiweka chini. Aliishika mkononi, mikono miwili myekundu, akangoja. Sijaona mtu akingoja vile. Ngamia wanalia, wazee wanatazama. Mwisho babu yako akanyoosha mkono, akaipokea. Baba akasema, "Ndoo iko. Na binti yuko." Ijumaa nikaolewa.

Sasa unadhani ni hadithi tamu? Sikiliza uchungu wake. Babu yako hakunywa maziwa ya mkono wangu mpaka alipoingia kaburini. Alikuwa anamwambia baba yako, "Mwambie yule awaletee wageni chai." Yule! Na wewe ulipozaliwa, alikushika akakufundisha kuhesabu mababa. Ulikuwa unaimba majina, watu wanapiga makofi, mimi niko mlangoni, niliyekubeba mgongoni kutoka Bura mpaka hapa Garissa, simo kwenye hesabu hiyo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi. Leo kunyamaza kwangu umekugeuza fimbo ya kumpigia mtoto wa mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu siifungi kitambaa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mtu akija kwa ndoa ya halali, muulize dini yake, tabia yake, kazi yake, anamheshimu mama yake au hapana. Usimuulize babu yake alishika nini mkononi. Hata wafalme wakifuatwa nyuma vizuri, kuna msichana mahali amekaa kwenye ngozi mbichi, na bila huyo msichana hakuna mfalme. Asili si kisima ulichochimba wewe. Wewe umekuta maji, umekunywa.

Kesho asubuhi utatuma mtu awaite wale wageni. Utawapa chai mkononi, siyo kwenye meza ukirudi nyuma. Na ukitaka kuhesabu, hesabu, lakini nikusikie kutoka pale nyuma ya pazia ukianza hivi: mimi ni mtoto wa Sahra, binti Warsame, fundi ngozi wa Bura. Ukishindwa, acha viatu vyako mlangoni hapa, uende kwa miguu mitupu kama babu yako.

Mungu akulainishe moyo kama ngozi iliyolala kwenye maji ya magome. Akupe wajukuu kwa Hodan, wengi, wenye kelele, na mmoja wao atoke na mikono ya baba yangu. Amin. Haya, usiniangalie hivyo. Inama nikushike kichwa, halafu anza kuhesabu. Anza na mimi.