Daftari la Shangazi Vidole

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi Vidole alichapa tasnifu za isimu za watu wengine, kwenye kibanda mkabala na geti la chuo. Alipanga marejeo yao, akanyoosha majedwali yao, akawaamsha kwa simu siku ya kuwasilisha. Wakahitimu, wakawa madaktari, wakaanza kumwita “yule mama wa stesheneri.”

Siku moja akaletewa tangazo alichape: nafasi kumi na mbili za masomo ya isimu na kompyuta, ada yote juu ya wafadhili. Sifa ni diploma yoyote, uzoefu wa kunukuu rekodi za lugha, na barua ya msomi anayeijua kazi yako. Diploma anayo, ya uhazili. Rekodi alishanukuu saa mia mbili, za Daktari mmoja aliyekusanya lugha ya kwao Shangazi ili kompyuta ijifunze. Kilichobaki ni barua, na mwisho ni Ijumaa.

Daktari akampa Jumanne: “Mwenye barua hii ni mchapaji mwaminifu na msafi.”

“Msafi!” dada yake alicheka mpaka akashika ukuta. “Kwani wanatafuta wa kupiga deki?”

Shangazi akarudi. “Daktari, wale wazee wa kwenye rekodi niliwanukuu mimi.”

“Mama, kunukuu ni kuandika unachosikia. Utafiti ni kitu kingine.”

Sasa, hicho kitu kingine kilikuwa hivi. Rekodi zililetwa bila jina la msemaji hata mmoja. Shangazi hawezi kuchapa sauti asiyoijua, basi kila moja akaibatiza: Kikohozi, Bibi Kuku, Mcheka Mwenyewe. Kwa matamshi tu akajua na kijiji cha msemaji, yote akayaandika kwenye daftari lake. Daktari alipoona alama hizo kwenye faili alisema, “Toa takataka.” Akazitoa. Daftari hakuna aliyemwambia alitupe.

Alhamisi asubuhi Daktari aliingia kibandani, shati limelowa mgongoni. Wafadhili wa mradi wake wanataka orodha: sauti ipi imesema nini, ya kijiji gani. Bila hiyo mradi unafungwa.

“Shangazi yangu,” alianza. Ghafla wamekuwa ndugu. “Zile alama zako...”

“Takataka?”

“Usinifanyie hivyo, shangazi.”

“Zipo.” Akalisukuma daftari mezani.

Daktari akafunua, akageuza juu chini, akageuza tena. “Hii lugha gani?”

“Hatimkato, ya kuandika haraka. Tulifundishwa kwenye uhazili. Naona haijafanyiwa utafiti.”

“Unataka nini?”

“Barua iseme nilichofanya. Na jina langu liwe kwenye kazi, chini ya lako. Sina tamaa.”

“Mambo ya majina yana kamati.”

“Basi kamati ije isome.”

Barua ilichapwa palepale, na ahadi ya jina ndani yake. Daktari alitamka, Shangazi akachapa, na kila alipofika kwenye “mchapaji” vidole vyake viligoma. Daktari aliposaini na kugonga muhuri ndipo akaanza kusomewa daftari, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia Kikohozi.

Nafasi aliipata. Wiki ya kwanza darasani waliletewa mhadhiri mwalikwa, mada yake “Umuhimu wa Kutunza Kumbukumbu za Wasemaji.” Alikuwa Daktari yuleyule; aliongea saa nzima, kwa uchungu wa mtu aliyelibuni jambo mwenyewe. Mstari wa mbele, Shangazi Vidole alikuwa ananukuu kila neno, kwa hatimkato.