Soli Niliyosema Nimeishona

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo. Kaa hapo. Kiatu chako nimekikalia, na sitainuka mpaka unisikilize. Unatoka Kasongo kwenda Kabambare, mke wako nyuma ya baisikeli, na soli umeibandika sasa hivi kwa kole mbichi, gundi haijakauka hata kidogo! Ati "inatosha, muzee." Inatosha nini?

Nilikuwa na umri wako. Freni za baisikeli yangu zilikuwa zimekufa zamani, kama zako, na freni yangu ya kusimamishia ilikuwa mguu. Kwenye mteremko unakandamiza kiatu juu ya mupira wa gurudumu la mbele, ndiyo maana soli za waendesha baisikeli zinakwisha haraka. Zangu zilikuwa zimetoboka. Baba alikuwa amenifundisha kazi yote: kata kipande cha mupira wa zamani, kikwaruze, ikwaruze na soli, paka kole pande zote mbili, ngoja mpaka isinate kidoleni, gandamiza, kisha shona kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini siku hiyo kulikuwa na arusi mjini. Na mimi, mupumbavu mkubwa, asubuhi nzima nilikuwa nasugua viatu kwa juu ving'ae, wasichana waone! Soli nikaipaka kole, nikaibandika ingali mbichi, basi. Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, akaja na mkeka wa zawadi aliousuka mwenyewe. Mikeka yake watu walikuwa wanaifuata kutoka Salamabila, si mchezo. Kabla ya kupanda akaniuliza:

"Soli ile umeshona?"

"Nimeshona, yaya. Panda."

Akapanda, akauweka mkeka magotini, akaanza kuniimbia nyimbo za arusi.

Kwenye mteremko wa kijito, tukiwa karibu kufika mjini, nikakandamiza. Soli ikabanduka yote, mguu ukateleza ukaingia katika vyuma vya gurudumu, tukarushwa. Mimi nilichubuka magoti tu. Yaya aliangukia mkono wa kuume, na mfupa niliusikia ukivunjika.

Hospitalini majirani wakajaa. "Ni mapenzi ya Mungu," wakasema, na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Aibu gani hii! Hata yaya, mkono umevimba namna ile, alikuwa akiwaambia watu njia ilikuwa mbaya, ananitetea mimi niliyemdanganya. Baba akafika. Akaokota kiatu changu, akakigeuza. Hakukuta hata uzi mmoja.

"Mungu iko na makosa gani hapa?" akaniuliza mbele ya watu wote. "Kiatu hiki alikibandika Yeye? Kesho asubuhi ulete sindano. Utashona hapa hapa, yaya yako akiangalia."

Nikashona nikilia, yaya ananitazama kitandani. Nilikwaruza, nikapaka, nikangoja, nikashona kuzunguka, sikuruka kitu. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimemaliza. Asubuhi moja, mwanangu! Hiyo ndiyo niliyomnyima. Mfupa uliunga vibaya, vidole havikukunjika tena, na mkeka ule wa arusi ukawa wa mwisho aliousuka.

Wako wanaoniambia, "Achana na hayo, ulikuwa kijana." Kijana! Kazi niliijua yote, kuanzia kukwaruza mpaka fundo la mwisho. Sikutaka tu kuifanya, na mdomo ukawa mwepesi kusema nimeifanya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, na ndiyo maana nimekunyang'anya kiatu mbele ya mke wako. Nuna ukitaka.

Basi sikia. Anayekaa nyuma yako haioni soli yako, anaona mgongo wako tu, na amekuamini. Usimwambie umeshona kama hujashona. Na ukimwangusha, usiende kumtwika Mungu kazi uliyoiacha wewe. Bandua kole hiyo, anza upya, ngoja ikauke, shona. Kabambare haihami.

Haya, kiatu chako hiki. Uzi huu, na sindano hii ni ile ile niliyoshonea kando ya kitanda cha yaya. Mungu akulinde njiani, akupe subira ya asubuhi moja, na mikono ya mke wako irudi nyumbani mizima yote miwili. Amina.