Mtumiaji wa Pili wa Geel

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Garissa, wa karibu na mto na wa mbali nao, wenye ngamia na wenye kusimulia ngamia wa wenzao, kwamba programu iitwayo Geel, yaani ngamia kwa Kisomali, iliyobuniwa katika chumba kilicho nyuma ya duka la Abshiro, baada ya miaka sita ya kazi isiyokatika, imepata mtumiaji wa pili. Wa kwanza ni yule aliyeiunda. Mnaombwa msimame.

Hakusimama mtu. Hata Diriye mwenyewe, mwenye programu, alikuwa amekaa kitandani, simu moja mkononi na nyingine pajani.

Huyu Diriye alifundisha kompyuta shule ya upili mpaka kompyuta za shule zikafa zote, naye akabaki na wazo. Wafugaji hukaa miezi kwenye malisho yasiyo na mtandao. Basi kila mmoja abebe kwenye simu yake daftari zima la mifugo, pamoja na historia yake yote tangu mstari wa kwanza. Wakikutana kisimani, simu mbili zitalinganisha, kila moja ichukue ilichokosa kutoka kwa mwenzake, na hakuna daftari kuu la kusubiriwa kutoka ofisini. Ni kama wafanyavyo watu wenyewe wakikutana njiani: wewe mwana wa nani, wa nani, wa nani, mpaka wafike kwa babu mmoja, ndipo chai imiminwe. Wazo zuri kabisa. Lilikuwa na kasoro moja tu, lilihitaji watu wawili.

Diriye akanunua simu ya pili. Moja mfuko wa kulia, moja wa kushoto, na mbuzi sitini wa kubuni kwa ajili ya majaribio. Kila asubuhi alizikutanisha. Siku ambayo ya kulia iliandika mbuzi ana mimba na ya kushoto ikaandika amekufa, alikaa kuzisuluhisha mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.

"Waryaa Diriye!" Abshiro mwenye duka alimwita kutoka mbele. "Simu zako zimesalimiana leo?"

"Zimesalimiana."

"Mashallah. Na wewe, nani amekusalimia?"

Barua pepe alizipata, tena tele, ila hazikuwa zake. Duniani kulikuwa na Geel nyingine tatu, zisizojuana hata kidogo: moja ya kuendesha printa, moja mchezo wa mbio, moja ya kuokoa betri. Lakini Geel ya Diriye ndiyo peke yake iliyokuwa na mtu wa kujibu. Watu wa printa wakamwandikia kwa hasira, naye akawajibu kwa heshima, akasoma habari za mashine asizowahi kuzigusa, akawasaidia. Wakishapona walinyamaza. Wakati mwingine aliwaandikia tena, kuuliza tu kama karatasi bado zinatoka vizuri.

Mmoja hakunyamaza. Ilwad, afisa wa mifugo kule Bura, alisaidiwa mara tatu, na ya tatu akauliza, akimwita kaka kwa Kisomali, "Abowe, na hii Geel yako wewe inafanya kazi gani?" Diriye alimweleza kwa kurasa nne, akamtumia nakala kabla hajabadili nia.

Nakala ilitoka mfuko wa kulia, maana nakala tupu ya kutuma hakuwa nayo. Sasa, Geel haikubali kuhifadhi kitu mpaka uandike sentensi ya kueleza ulichobadilisha. Diriye ndiye aliyeiwekea sheria hiyo. Mwaka wa kwanza aliandika kama mtu wa ofisi: *Nimerekebisha umri wa mbuzi.* Baadaye, kwa kuwa analazimishwa kuandika kila siku na hakuna anayesoma, mkono ukalegea. *Nimerekebisha maziwa. Leo Idi, nimekula peke yangu, mkate na soda. Tangu Jumatatu sijaongea na mtu ila Abshiro. Kulia na kushoto wamepatana.*

Yote hayo yakaenda Bura.

Alikumbuka kesho yake akipiga mswaki. Akapiga simu na povu mdomoni.

"Ilwad, ile nakala ifute."

"Kwa nini? Nimeshaingiza mbuzi mia mbili wa watu."

"Ina mambo ya zamani. Usiyasome."

"Nimeshayasoma, abowe. Nilianzia mwanzo."

"Basi futa hayo tu."

"Nilijaribu moja, nikaona si langu kusoma. Ikakataa. Inasema historia haifutwi."

Alijua inasema hivyo. Maneno hayo aliyatunga yeye, na siku hiyo alijipongeza.

Sasa akabaki kuhesabu siku. Mtu akiiondoa Geel, simu ya mwenzake haipewi habari. Huwezi kujua mpaka mkutane. Huenda tayari alikuwa amerudi kuwa mtumiaji pekee, bila mtu kumwambia.

Jumatano, siku ya soko la mifugo, Ilwad alipitia dukani. Abshiro akavuta viti viwili, cha tatu akakikalia mwenyewe asije akakosa neno. Ilwad akaweka simu yake kaunta. Geel ilikuwemo. Diriye akatoa ya kulia, akakosa kaunta mara ya kwanza, ikaanguka, akaiokota.

Simu zikatafutana, zikafika pale zilipoachana, zikaanza kupokezana. Mistari ya Bura ikashuka: chanjo, vifo, mapacha. Chini kabisa, kwenye sentensi ya lazima, Ilwad alikuwa ameandika: *Mama amesema Idi ijayo ule kwetu.*

Abshiro, aliyekuwa akichungulia begani kwa watu, aliacha kujipepea.

"Umeona?" Ilwad aliuliza, macho kwenye kaunta.

Diriye alisoma mara mbili. Kisha akapandisha kidole mstari mmoja juu.

"Hii tarehe ya chanjo umekosea," alisema. "Ni ya mwaka jana."